Ubao wa Namba wa Langoni: Shajara ya Mradi

Mwanzo wa Januari: mbao na kipimo

Vifaa vinavyotengenezwa ni vinne: mstari wa namba, ubao wa namba tasa, kadi za namba, na mizani ya milinganyo. Vitakaa kwenye baraza ya ukumbi wa mtaa hapa Langoni, Lamu, ambako wanafunzi wa gredi ya tano hadi ya tisa hufika na madaftari yao baada ya alasiri. Shuleni hesabu wanaisoma kwa Kiingereza. Barazani wanaelezwa kwa Kiswahili, na maandishi ya kila kifaa yatakuwa ya Kiswahili.

Uamuzi wote wa mradi umetoka kwenye jambo moja. Namba ni mahali kwenye mstari, na mahali pamoja huandikwa kwa njia nyingi. 3, 12/4, √9 na 3.000 ni nukta ileile. Mwanafunzi anayetazama maandishi tu atakwambia 12/4 haiwezi kuwa namba kamili kwa sababu ni sehemu, na √9 ni namba ya ajabu kwa sababu ina alama ya kipeuo. Akifika kwenye milinganyo mazoea hayo yanamtesa. Kwa hiyo mstari ndio kifaa kikuu, na vingine vyote vinarudi kwake.

Imenunuliwa karatasi moja ya plaiwudi ya kustahimili maji, unene wa milimita 9, futi 8 kwa 4, yaani sm 244 kwa sm 122. Imepasuliwa kwa urefu kuwa vipande vinne. Msumeno unakula milimita 3 kila unapopita, na mipasuo ni mitatu, kwa hiyo upana wa kila kipande si sm 30.5 bali sm 30.2 na kitu kidogo. Vipande vitatu vinaunganishwa kichwa kwa kichwa kuwa mstari wa sm 732. Cha nne kinatoa ubao wa namba tasa, duara moja na kadi zote.

Hatua ya 1 kwenye mstari ni sm 30. Namba hii imechaguliwa kwa vigawo vyake: 30 = 2 × 3 × 5. Nusu inaangukia sm 15, theluthi sm 10, robo sm 7.5, moja ya tano sm 6, moja ya sita sm 5, zote kwa rula ya kawaida bila kukisia. Hatua ya sm 25 ingeacha nafasi kubwa pembeni, lakini theluthi yake ni 8.333…, na fundi angebaki kukadiria kwa jicho.

Mstari unatoka −10 hadi 10, hatua 20, jumla sm 600. Hapa pana mtego wa viungo. Sifuri ikiwekwa katikati kabisa, sm 366 kutoka mwisho, kiungo cha kwanza kinakaa sm 122 kushoto kwake na −4 iko sm 120: alama inakaribia kumezwa na ufa, na upande wa 4 vivyo hivyo. Dawa ni kuisogeza sifuri sm 15 kulia, iwe sm 381 kutoka mwisho wa kushoto. Sasa viungo viko sm 137 kushoto na sm 107 kulia, mbali na alama yoyote. Nafasi inayobaki ni sm 81 upande mmoja na sm 51 upande wa pili. Mtazamaji ataona mstari hauko sawasawa pande mbili, na ni vizuri aone, maana sifuri hailazimiki kukaa katikati ya kitu chochote. Kinacholazimika ni hatua kuwa sawa.

Ukuta wa baraza ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Rangi ya mafuta haikai moja kwa moja juu ya ukuta wa aina hii: unyevu na chumvi hupanda kutoka chini, ukuta hukosa pa kupumulia, na rangi hutoka kwa mabamba. Ndiyo sababu ya kutumia ubao. Wala hatutoboi ukuta. Ubao unaning'inizwa kwenye boriti za dari kwa waya, ukingo wake wa chini sm 90 kutoka sakafuni. Kila kiungo kimefungwa kwa nyuma na papi mbili za sm 60. Skrubu ni za shaba. Za chuma hapa pwani hutokwa na kutu ndani ya msimu mmoja, na kutu hupenya rangi ikaacha doa ambalo mtoto atalisoma kama nukta.

Kati ya Januari: mstari umechorwa

Kaskazi inavuma na hewa ni kavu, hivyo rangi nyeupe imepigwa mara mbili, msasa namba 120 katikati. Kazi hii ikiachwa mpaka masika, rangi hunata siku nyingi na vumbi hugandia.

Vipimo vyote vimechukuliwa kutoka sifuri: 30, 60, 90 na kuendelea, futi kamba ikiwa imetulia pale pale. Njia ya kupima hatua moja, kisha kuanzia hapo kupima nyingine, ndiyo inayoharibu mistari mingi ya darasani. Kosa la nusu milimita kwa kila hatua linafika milimita 5 kwenye 10.

Chanya zimeandikwa kwa buluu, hasi kwa nyekundu, sifuri kwa nyeusi, kwa kuwa sifuri si chanya wala si hasi. Ila ni shufwa, yaani inagawanyika kwa 2 bila baki: 0 = 2 × 0, nayo imekaa kati ya witiri mbili, zisizogawanyika hivyo, −1 na 1. Shufwa zimewekewa kidoto cha kijani chini yake mpaka upande wa hasi, ili ionekane kwamba −6 ni shufwa na −7 ni witiri. Watoto wengi wanadhani maneno hayo ni ya namba za kuhesabia peke yake.

Kwa kujumlisha kuna mishale ya fito zilizonyooshwa, ya hatua 1, 2, 3 na 5, yaani sm 30, 60, 90 na 150. Kujumlisha namba chanya, mshale unaelekea kulia. Kujumlisha hasi, kushoto. Kutoa ni kuugeuza mshale wa namba inayotolewa. Basi −3 − 5: anza −3, mshale wa 5 ulielekea kulia, ugeuze kushoto, unafika −8. Na −3 − (−5): mshale wa −5 ulielekea kushoto, ugeuze kulia, unafika 2.

Mishale hii imewekwa mahsusi kuua ule wimbo wa "hasi na hasi ni chanya." Wimbo ni kweli kwa kuzidisha na kugawanya. Mwanafunzi akiubeba kila mahali anaona alama mbili za hasi ndani ya −3 − 5 na kujibu 8. Huyu hajakosa bidii. Amepewa kanuni isiyotajiwa mipaka yake.

Kuzidisha hasi kwa hasi hakuonyeshwi vizuri na mishale, na hatukulazimisha. Pembeni ya ubao kumeandikwa hoja yake kwa mistari michache. 3 + (−3) ni 0, kwa hiyo (−2) × [3 + (−3)] ni 0. Tawanya: (−2) × 3 ni −6, na (−2) × (−3) ni kitu ambacho kikijumlishwa na −6 kinaleta 0. Kitu hicho ni 6 tu. Mwanahesabu wa Bara Hindi, Brahmagupta, mwaka 628 aliandika kanuni hizi kwa lugha ya mali na deni, na kwa watoto wanaotumwa dukani kukopa sukari lugha hiyo inaingia haraka.

Mwisho wa Januari: namba ambazo rula haizifiki

Kati ya 0 na 2 zimetiwa alama za nusu, theluthi, robo, moja ya tano na moja ya sita. Namba yoyote inayoandikika kama kiasi (namba ya juu ya sehemu) juu ya asili (ya chini), vyote viwili namba kamili na asili isiwe sifuri, ni namba wiano. Ukizijaza zote, mstari unaonekana hauna nafasi. Lakini nafasi zipo, na mbili zimewekwa kwa mkono, bila kusoma kipimo kwenye futi kamba.

Ya kwanza ni √2. Chora kwenye katoni mraba wa sm 30 kwa 30. Hakikisha pembe kwa kulinganisha mishazari yake miwili, ambayo lazima iwe sawa. Chukua mshazari mmoja kwa ufito wenye misumari miwili, uhamishie kwenye mstari kuanzia sifuri. Unaanguka sm 42.4, kwenye 1.414… Usitumie mshipi wa nailoni: unavutika, na milimita 3 zinatosha kuipeleka √2 hadi 1.424. Kwa njia hiyohiyo, mstatili wa sm 60 kwa 30 unatoa √5 kwenye sm 67.1.

Ya pili ni pai, na hii imekuwa na kazi. Duara la plaiwudi lenye kipenyo cha sm 30 linaviringishwa juu ya mstari kutoka sifuri, mzunguko mmoja kamili, nalo linasimama kwenye pai, sm 94.25 kutoka sifuri. Kipande kina upana wa sm 30.2, kwa hiyo kitovu cha duara lazima kiwe katikati barabara. Kuna milimita moja tu ya kupotea kila upande. Duara likitoka na kipenyo cha sm 29.7 baada ya msasa, mzunguko unapungua karibu milimita 9.4. Tena duara la mbao linateleza juu ya rangi ya mafuta. Ukilivisha ukanda wa mpira wenye unene wa milimita 1 ili lishike, kipenyo kinaongezeka milimita 2 na mzunguko unaongezeka milimita 6.3, na pai inahama. Suluhisho ni kupunguza mbao kwanza hadi kipenyo cha sm 29.8, kisha kuivisha ukanda, ili kipenyo cha nje kiwe sm 30 kamili.

Kando ya alama ya pai tumeweka 22/7, na pengine hakuna sehemu ya ubao inayofundisha zaidi ya hapa. 22/7 ya sm 30 ni sm 94.286, pai ni sm 94.248. Tofauti haifiki milimita 0.4, nyembamba kuliko mstari wa penseli ya fundi. Kwa macho ni nukta moja. Lakini ni namba mbili: 22/7 ni namba wiano, na pai siyo, mwanahesabu Johann Lambert alilithibitisha hilo mwaka 1761. Mwanafunzi anayeulizwa kama pai ni namba wiano na kujibu ndiyo, "kwa sababu ni 22/7", anahitaji kuambiwa kwamba 22/7 ni jirani wa pai tuliyemzoea. 3.14 naye ni jirani, tena yuko mbali zaidi.

Ubaoni alama za pai na 22/7 zimechorwa kwa rangi mbili, moja juu ya mstari na nyingine chini, ili zisigandane.

Februari: ubao wa namba tasa

Kipande cha nne kina upana wa kutosha miraba sita ya sm 5. Mistari 17 ya miraba sita inabeba namba 1 hadi 102 ndani ya sm 85. Chekecho la Eratosthenes, njia ya kale ya kufuta vigawe ili zibaki namba tasa peke yake, mara nyingi huchorwa kwa safu kumi, lakini kwa sita kazi inajionyesha yenyewe. Safu ya 2, ya 4 na ya 6 ni shufwa. Zote zinafutwa isipokuwa 2. Safu ya 3 ni vigawe vya 3. Zinafutwa isipokuwa 3. Zimebaki safu mbili tu, ya 1 na ya 5, zenye namba 34. Vigawe vya 5 vinashuka mshazari kwenda kushoto, vya 7 mshazari kwenda kulia. Katika safu hizo mbili vinavyofutwa ni 25, 35, 55, 65, 85, 95, kisha 49, 77 na 91. Ukitoa na 1 zinabaki 24. Rudisha 2 na 3, namba tasa ni 26.

Hakuna haja ya kuchekecha kwa 11. 11 × 11 ni 121, na kigawe chochote cha 11 kilicho chini ya hapo, ukiacha 11 yenyewe, kina kigawo kidogo zaidi kilichokwisha kukifuta.

Namba zinazodanganya ni 51, 57, 87 na 91. Tatu za mwanzo zimo kwenye safu ya 3 (3 × 17, 3 × 19, 3 × 29), na 91 ni 7 × 13. Mtoto aliyezoea kujaribu 2 na 5 tu atazipitisha zote.

1 imepakwa kijivu. Si tasa, maana tasa ina vigawo viwili tofauti, 1 na yenyewe, na 1 ina kimoja. Hii si kanuni ya kuonea. 12 ina njia moja ya kuvunjwa kuwa vigawo tasa: 2 × 2 × 3, ukiacha mpangilio. 1 ikihesabiwa tasa, utaandika 1 × 2 × 2 × 3, 1 × 1 × 2 × 2 × 3, bila mwisho, na hesabu zote za kigawe kidogo cha shirika zinakosa mguu wa kusimamia.

Februari: kadi na duara za kamba

Baada ya ubao wa namba tasa na duara la pai, kipande cha nne kilibaki na sm 128. Zimetoka kadi 48 za sm 7 kwa 10, nne kwa upana na kumi na mbili kwa urefu, nafasi ya msumeno ikiwemo.

Sakafuni zinatandazwa duara tano za kamba ya makumbi, moja ndani ya nyingine: namba za kuhesabia (1, 2, 3…), namba nzima (hizo pamoja na 0), namba kamili (pamoja na hasi zake), namba wiano, namba halisi (zote za kwenye mstari). Vipenyo ni sm 50, 70, 110, 150 na 200. Kamba yake ni kipenyo mara pai, jumla kama mita 18.2, nunua 20 kwa ajili ya mafundo. Kadi inawekwa kwenye duara la ndani kabisa inaloweza kuingia. Pete kati ya wiano na halisi ni ya namba zisizo wiano. Pete kati ya kuhesabia na nzima ina mkazi mmoja tu, sifuri, ingawa anaweza kuja kwa majina ya 0/5, √0 au 7 − 7.

Kadi nyepesi hazifundishi kitu. Zinazofaa ni zile zinazomlazimisha mtu arahisishe kabla ya kuweka:

√9 na 12/4 zinaingia kwenye kuhesabia. −6/2 ni namba kamili. √(1/4) ni nusu, kwa hiyo ni wiano licha ya kipeuo chake. 0.333… ni wiano. 0.101001000100001…, ambayo sifuri zake zinaongezeka moja kila mara, haikomi wala haijirudii, kwa hiyo si wiano hata kama ina mpangilio unaotabirika. 3.14 ni wiano. Na 5/0 haina duara. Inawekwa nje ya kamba zote, maana hakuna namba ambayo ukiizidisha kwa 0 inaleta 5.

Kadi ya 0.999… inaleta ubishi kila inapoonekana, nao ndio mlango mzuri wa kuingilia aljebra. Iite n. Basi 10n = 9.999… Toa n pande zote: 9n = 9, n = 1. Inaingia kwenye kuhesabia. Mbinu hiyohiyo inageuza 0.272727… kuwa sehemu: 100n − n = 27, n = 27/99 = 3/11. Desimali ikijirudia kwa tarakimu moja zidisha kwa 10, mbili kwa 100, tatu kwa 1000. Kuzidisha kwa 10 pale penye tarakimu mbili ndilo kosa la kawaida, mikia haifutani.

Kuhusu desimali inayokoma, kadi ya 3/12 imewekwa kwa makusudi. Kanuni ni kwamba sehemu hukoma ikiwa asili yake ina vigawo tasa vya 2 na 5 tu. 12 ina 3 ndani yake, hivyo wengi huamua haikomi. Rahisisha kwanza: 1/4, yaani 0.25. Kanuni inasomwa baada ya kurahisisha, kamwe si kabla.

Mwanzo wa Machi: herufi na korija

Boriti za mikoko hapa Lamu huuzwa kwa korija, na korija ni 20. Mfano umekuja tayari mkononi. Korija 3, ongeza korija 2, ongeza miti 7 iliyolegea: 3k + 2k + 7 = 5k + 7. Mtajo huu una vipande viwili. Katika 5k, 5 ni kizigeu na k ni herufi iliyobeba namba. 7 haina herufi, haibadiliki. Kuandika 12k ni kusema ile miti 7 nayo ni korija 7. Weka k = 20: 5k + 7 ni 107, na 12k ni 240. Muuzaji asingekubali, na mnunuzi je?

Hapa tahadhari mbili zimeandikwa kwa herufi kubwa kwenye ubao mdogo wa pembeni. Kwanza, herufi ni namba, si kitu. Usiseme "b ni boriti, p ni pau", sema "b ni bei ya boriti moja kwa shilingi, p ni bei ya pau moja." Ukisema b ni boriti, mwanafunzi atasoma 3b + 2p kama miti mitano na kuiandika 5bp. Pili, 5k na k = 20 ni 5 × 20, si 520. Mtoto aliyezoea kubandika tarakimu kando kando atazibandika na hapa.

Mwanahesabu Mfaransa, Descartes, mwaka 1637 alianza desturi ya kutumia herufi za mwisho, x, y, z, kwa namba zisizojulikana, na za mwanzo, a, b, c, kwa zinazojulikana. Kwa mwanafunzi mgeni tunaona ni bora aanze na herufi inayomkumbusha kinachohesabiwa, ilimradi ile tahadhari ya kwanza imemkaa.

Sheria za namba zimebandikwa pamoja na mitihani yake. Kujumlisha na kuzidisha kunaruhusu kubadilishana nafasi: a + b = b + a. Kutoa hakuruhusu, 7 − 2 si 2 − 7. Makundi yanahamishika kwenye kujumlisha, (a + b) + c = a + (b + c); kwenye kutoa hayahamishiki, kwani (10 − 4) − 3 ni 3 na 10 − (4 − 3) ni 9. Kutawanya: a(b + c) = ab + ac.

Kutawanya ndiko kunakoumiza. 2(x + 3) huandikwa 2x + 3, na (a + b)² huandikwa a² + b². Dawa ni kuweka namba: a = 3 na b = 4 zinatoa 49 upande mmoja, 25 upande mwingine. Ila usijaribu kwa 0, 1 au 2. Kwa 2, 2 + 2, 2 × 2 na 2² zote ni 4, hivyo x² = 2x itaonekana sahihi. Tumeandika "jaribu kwa 7."

MAGAZIJUTO, mpangilio unaofundishwa sana Tanzania (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), umewekwa na maelezo ya ziada. Ukisomwa neno kwa neno unadanganya: 10 − 4 + 3 inakuwa 10 − 7, yaani 3. Jibu ni 9. Kugawanya na kuzidisha vina daraja moja, huenda kutoka kushoto kwenda kulia. Kujumlisha na kutoa vivyo hivyo. Vipeo havimo kwenye neno lile, navyo vinafuata mara baada ya mabano: −3² ni −9, kipeo kimeshika 3 peke yake, na (−3)² ni 9.

Machi: mizani

Mhimili ni ubao mwembamba wa sm 120, kimo sm 5. Tundu la kuning'inizia liko sm 60 kutoka kila mwisho na sentimita 1 juu ya mstari wa kati. Matundu ya makopo yako kwenye mstari wa kati, sm 2 kutoka ncha. Tundu la kati likiwa chini ya hayo mawili, mizani hupinduka na haisimami. Likipandishwa juu sana, husimama lakini gololi moja haitikisi kitu.

Uzito ni gololi za saizi moja. Kisichojulikana ni gololi zilizoshonewa ndani ya vifuko vya kitambaa, idadi sawa katika kila kifuko. Kitambaa nacho kina uzito, kwa hiyo upande wa pili huwekwa vifuko vitupu kufidia. Kwa 3x + 4 = 19: kushoto vifuko 3 na gololi 4, kulia gololi 19 na vifuko vitupu 3. Toa 4 kila upande, inabaki 3x = 15. Gawa kwa 3: kifuko kimoja kwa gololi 5. Fungua uhakikishe. Kwa 4x + 2 = 2x + 10 vifuko viwe na gololi 4; ondoa vifuko viwili kila upande kabla ya kugusa gololi.

Kila mstari wa daftari lazima uwe na mizani yake iliyotulia. Robert Recorde, mwanahesabu wa Wales aliyeitoa alama ya = mwaka 1557, alichora mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa sababu hakuona vitu viwili vinavyolingana kuliko hivyo. Mwanafunzi anayeandika 3x + 4 = 19 − 4 = 15 ÷ 3 = 5 amepata jibu, lakini amesema 15 ni sawa na 5. Kwenye milinganyo mirefu zoea hilo linampoteza kabisa.

Mizani ina mwisho wake. 2x + 9 = 3 haiwekeki, kwa kuwa x ni −3 na hakuna kifuko chenye uzito pungufu ya sifuri. Hapo mwanafunzi anarudi kwenye mstari: anza mahali pa 2x, ongeza mshale wa 9, umefika 3, ulianza −6, kwa hiyo x ni −3.

Kilichobaki

Nguzo ya kuonyesha maji ya bahari kujaa na kupwa, nyongeza ya vile vifaa vinne. Ni mti wa mkoko wenye alama kila sm 10, sifuri ikiwa juu kidogo ya ncha ya chini, na utasimamishwa barazani kando ya mstari. Jedwali la maji kujaa na kupwa hupima kutoka kiwango cha sifuri kilichowekwa karibu na maji ya chini kabisa, kwa hiyo wakati wa bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji yanaweza kupwa hadi chini ya sifuri. Tuseme yamejaa hadi m 3.3 na yakapwa hadi m −0.1, tofauti ni 3.3 − (−0.1), yaani m 3.4. Anayetoa 0.1 na kupata 3.2 anaelekezwa kwenye nguzo apime kwa futi kamba.

Alama za nguzo zikatwe kwa patasi kabla ya rangi. Mti wa mkoko haunyooki sawasawa, hivyo futi kamba ivutwe wima hewani, na kila kipimo kihamishiwe kwenye mti kwa pembe mraba. Ukiilaza futi kamba juu ya gamba inafuata mpindo, na hatua zilizo kwenye mpindo zinatoka fupi kwa wima kuliko nyingine.

Kadi sita bado tupu. Mapendekezo yaliyopo ni √(2/8), −√16, 0.1212…, 2 + √2, √2 × √2 na √2 − √2. Mbili za mwisho zinatangulia kupakwa rangi, kwa kuwa zinaonyesha namba zisizo wiano mbili zikileta 2 na 0.